Vukuhi Chini ya Maji

Siku daktari alipomfungua Mama Agar bandeji ya jicho la pili, mtu wa kwanza aliyemwona vizuri, sura nzima, alikuwa mkamwana wake Joyeuse. Walikuwa wameishi chini ya paa moja huko Bulengera, mjini Butembo, tangu Joyeuse alipoolewa. Joyeuse ndiye aliyemwogesha, aliyemtolea miiba ya samaki kwenye sahani, aliyemshika mkono kumpeleka chooni, kanisani na msibani. Lakini alipoingia katika ile nyumba kama bibi arusi, macho ya mama mkwe yalikuwa yamekwisha kufungwa na mtoto wa jicho, yakabaki meupe kama maziwa. Kwa hiyo mama yule alimjua mke wa mwanawe kwa sauti, kwa harufu ya sabuni, na kwa kovu la mafuta ya moto lililokuwa mkononi mwake. Uso wake hakuwahi kuuona.

Alimtazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande kidogo.

"Njo weye?"

"Njo miye, Mama."

"Nilikuwa nawaza uko mufupi."

Daktari akacheka. Joyeuse naye akacheka, lakini machozi yalikuwa karibu, akageuka akajifanya anatafuta viatu vya mama chini ya kitanda.

Siku zilizofuata zilikuwa za ajabu pale nyumbani. Mama Agar aliamka kabla ya majogoo akakaa mlangoni, amejifunika kikwembe mpaka mabegani, akiungojea mwanga. Aliutazama ukungu ukiondoka mabondeni. Alizitazama nyumba za Butembo zilizopanda vilima kila upande, mabati juu ya mabati mpaka kileleni, na akauliza milima imekosa nini hata ikavikwa chuma namna ile. Mjukuu wake Jemima, ambaye alizoea kumpita nyanya bila kuonekana akaiba sukari, sasa aliitwa kila mara aje asimame kwenye jua ili atazamwe meno, masikio, vidole. Hata sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa yanatwangwa, aliyashika akayaangalia kama kitu kilichotoka ng'ambo.

Joyeuse alifurahi, na wakati huo huo aliogopa. Alijua kuna jambo moja mama mkwe atataka kuliona, na kwamba atakapoliomba hakutakuwa na njia ya kulikwepa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mama Agar alizaliwa katika kijiji cha Vukuhi, huko milimani magharibi ya mji. Aliolewa hapo hapo, akazaa hapo, akamzika hapo mumewe, mzee Kataliko. Mwaka mmoja kabla ya mwanawe Muyisa kumwoa Joyeuse, mvua ilinyesha usiku kucha, na mlima uliokuwa ng'ambo ya bonde ukakatika, ukaanguka mtoni. Hakuna aliyekufa, maana upande ule hakukuwa na nyumba. Kulipokucha, Muyisa alifika kutoka mjini, akamkuta mama yake ameketi uani, tayari haoni zaidi ya tofauti ya giza na mwanga. Akamwambia mto umezibwa, maji yataanza kupanda, lazima waondoke. Mama aliondoka akiwa ameshikwa mkono, akipita kwenye njia kavu, kati ya maharagwe makavu. Maji aliyoambiwa yanakuja hakuyasikia hata kidogo. Baada ya wiki kadhaa, wakiwa tayari Butembo, Muyisa alimwambia kwamba kijiji kimekwisha, Vukuhi sasa ni ziwa.

Na muda haukupita sana, Muyisa akajenga nyumba Bulengera.

Ndipo mashaka yakaingia. Mama Agar hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa anangoja mpaka Joyeuse anapomsugua mgongo, wakiwa wawili tu, ndipo anasema kwa sauti ya chini kwamba hajapata kusikia ziwa linalozaliwa kwa mwezi mmoja. Maziwa yaliumbwa na Mungu zamani, pamoja na milima. Kipofu unaweza kumwambia lolote. Unaweza kumwambia shamba la baba yako limemezwa na maji, kumbe umeliuza kwa watu wa chai, pamoja na kaburi. Waliokimbia pamoja nao walipokuja kumsalimu na kumweleza habari ile ile ya maji, alizidi kuona kwamba wamefundishwa la kusema.

Mwanzoni Joyeuse alimtetea mumewe. Lakini maneno yanayorudiwa kila jioni ni kama maji yanayodondoka mahali pamoja. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Vukuhi. Alipomwomba Muyisa ampeleke akaone, Muyisa alisema siku moja, siku moja, na siku hiyo haikufika. Tena alimwona mumewe akinyamaza ghafla kila jina la kijiji linapotajwa, akatoka nje kama mwenye shughuli. Kidogo kidogo Joyeuse naye akaanza kujiuliza ameolewa na nani.

Muyisa siku hizo alikuwa mjini Beni, katika komini ya Beu, akifanya kazi ya useremala, na barabara ilikuwa imefungwa tena kwa kukosa usalama. Mama Agar alipoomba apelekwe Vukuhi, Joyeuse alimpigia simu. Muyisa alinyamaza muda mrefu hivi kwamba Joyeuse alidhani mtandao umekatika. Halafu akasema kwa sauti kavu, "Mupeleke. Mwambie Timothée ashuke pole pole mu milima." Akakata. Joyeuse alibaki na simu sikioni, akipima ule ukimya, asijue ni wa mtu anayeogopa kukamatwa au ni wa nini.

Timothée alikuwa shemasi wa kanisa lao na mwendesha moto, yaani pikipiki, mtu wa makamo, mwenye kujulikana mtaani kwa sababu hakupenda mwendo wa kasi. Waliondoka asubuhi ya baridi, Mama Agar katikati, Joyeuse nyuma, wote watatu wameshikamana kama mzigo mmoja. Ulikuwa mwezi wa kwanza, kiangazi, vumbi jekundu limelala barabarani. Walipita soko, wakapita kizuizi cha vijana walionyanyua kamba bila kuuliza neno walipomwona mama mzee, na baada ya hapo mji ukawaachia. Ilikuwa mikaratusi, mashamba ya viazi yaliyopandishwa hadi vileleni, na harufu ya moshi wa wachoma makaa.

Katika bonde la kwanza, Mama Agar alimpiga Timothée bega akamwambia asimame. Chini ya barabara kulikuwa na maji yaliyotulia, ya mraba, yamezungukwa na majani mafupi.

"Njo hii?" akauliza.

Joyeuse aliyapima kwa macho. Yale maji yangeweza kumezwa na ng'ombe wachache kwa kiangazi kimoja. Kama hili ndilo ziwa la Muyisa, basi mambo yamekwisha. Lakini Timothée akasema hapana, ile ni etangi, bwawa la parokia, wanafuga ndani samaki wa tilapia, Vukuhi iko mbali bado.

Mama Agar aliomba ashuke hata hivyo. Akateremka ukingo kwa kujishikilia kwa Joyeuse, akasimama mbele ya maji. Kisha akasema kwamba alikuwa amesahau jambo moja. Miaka yote ya giza alikumbuka maji kuwa ni baridi, na kwamba yana sauti, na kwamba yanalowesha. Alikuwa amesahau kwamba yanashika mbingu. Pale chini ya miguu yake kulikuwa na wingu jeupe likienda taratibu, na ndege mmoja mdogo akapita chini ya wingu, juu chini. Samaki alipochomoa mdomo, mbingu yote ilitikisika ikakunjana, halafu ikajikunjua tena. Joyeuse, ambaye amepita kando ya maetangi kama hayo maisha yake yote akienda kwenye mashamba ya wajomba, alijikuta naye ameinama anatazama.

Baada ya hapo walienda kilima kwa kilima. Bonde la tatu lilikuwa pana, lenye mafunjo, na katikati ya mafunjo kulikuwa na mabwawa madogo yaliyofuatana, moja likimwagia jingine. Timothée alizima moto mwenyewe, bila kuombwa, akanyosha kidole.

Walikuwa korongo wenye taji. Joyeuse aliwajua kwa picha iliyokuwa kwenye kalenda ya jirani, lakini hakujua kwamba ni wakubwa namna ile. Walisimama ndani ya maji mafupi, wengi, migongo ya kijivu, mashavu meupe, na juu ya kila kichwa taji la nyuzi za dhahabu zilizochomoza kama miale. Mmoja akafungua mabawa. Akaruka juu kidogo, akatua, akainamisha kichwa mbele ya mwenzake. Mwenzake naye akaruka. Halafu, kama kwamba kuna aliyepiga ngoma wasiyoisikia wao, bwawa zima likaanza kucheza, mabawa yanafunguka na kufungwa, maji yanarushwa juu yakiwaka jua, na sauti zao, zile za kuita kama tarumbeta yenye mafua, zikazunguka bondeni zikarudi.

Timothée alivua kofia, kama mtu aliyeingia kanisani akakuta ibada imekwisha kuanza. Mama Agar alishika mkono wa Joyeuse, si kwa kuongozwa tena, alishika tu. Mpaka ndege walipotulia na kurudi kuchokora matope ndipo alipopumua kwa nguvu na kusema kwamba alipokuwa msichana walikuwa wanawafukuza hawa kwa mawe, wasile mahindi. "Sikuwaangaliaka hata siku moja," alisema. "Nilikuwa na macho mazima."

Njia ya mwisho ilikuwa mbaya. Timothée aliendesha kwa miguu yote miwili chini, na mahali pengine walishuka wakapanda kwa miguu. Mama Agar alitangulia. Alianza kutambua vitu: jiwe hili walilipumzikia wakitoka sokoni, mfereji huu aliuruka akiwa na mimba ya Muyisa. Kila alichotambua kilimwongezea hasira. Alisema kwa sauti kwamba njia iko, jiwe liko, mfereji uko, hivyo hata kijiji kitakuwapo, na kama atakuta chai imepandwa juu ya Kataliko atalala hapo hapo chini, asirudi mjini. Joyeuse alimfuata nyuma akiomba kimoyomoyo. Aliomba kuwe na maji. Aliona haya kuomba kwamba kijiji cha watu kiwe kimezama kweli, lakini aliomba.

Wakafika kwenye mgongo wa mlima, na ardhi ikaisha.

Chini yao kulikuwa na ziwa. Lilijaza bonde lote toka ukingo hadi ukingo, likaingia katika kila kijibonde cha pembeni kama vidole vinavyoingia ndani ya glovu. Rangi yake haikuwa moja. Karibu na kingo lilikuwa kijani cha jani la ndizi bichi, kisha likawa bluu, na katikati lilikuwa jeusi lenye kung'aa. Mlima uliokatika ulionekana ng'ambo, ubavu wake mwekundu bado umejeruhiwa, na chini yake lundo la udongo lililoziba mto lilikuwa limekwisha kuota majani. Kutoka majini, hapa na pale, ilisimama mikaratusi iliyokufa, myeupe, isiyo na jani, mirefu, kimya. Upepo haukuwepo. Mti mmoja mweupe ulikwenda juu na mwingine kama huo ukashuka chini, na mtu asingejua maji yanaanzia wapi.

Joyeuse akaketi. Alikuwa amelipata jibu aliloliomba, na jibu lilikuwa kubwa kuliko swali. Alifikiri juu ya Muyisa, yule mtu wa kunyamaza, aliyeishi miaka yote na kitu kama hiki kifuani.

Lakini mama mkwe hakuketi. Alikunja uso akatazama kulia, akatazama kushoto. Alisema hili ni ziwa zuri, lakini ni ziwa la siku zote, la Mungu, huenda wamekosea njia. "Vukuhi iko wapi? Munionyeshe Vukuhi."

Aliyejibu alikuwa mwanamume aliyekuwa anapanda kutoka ukingoni, kapu la nyavu begani. Aliitwa Malachie. Alikuwa amezaliwa sehemu ya juu ya kijiji, ile ambayo maji hayakuifikia, na yeye peke yake na jamaa yake ndio waliobaki pale, wakaacha kulima wakawa wavuvi. Alimtazama mama mzee, akashusha kapu, akapiga goti kidogo kama wanavyosalimia wakubwa.

"Mama Muyisa," alisema. "Vukuhi iko pale pale mulipoiacha."

Mtumbwi wake ulikuwa wa gogo la mti, mwembamba. Joyeuse hakuwahi kupanda chombo cha majini tangu azaliwe, na hakujua kuogelea, lakini hakuweza kumwacha mama aende peke yake. Timothée alisema yeye atabaki kulinda moto, na hakuna aliyemcheka. Wakaingia. Mtumbwi ukayumba, ukatulia, na ukingo ukaanza kurudi nyuma bila sauti.

Malachie alipiga kasia taratibu. Aliwaeleza kwamba wamefika wakati mzuri, maana kiangazi vijito havileti matope, na kabla ya saa za mchana upepo haujaamka. Wakati wa mvua huoni hata mkono wako. Walipita kati ya mikaratusi myeupe, karibu hivi kwamba Joyeuse aligusa mmoja, ukawa laini na baridi kama mfupa. Halafu Malachie akainua kasia, akaliweka magotini. Akasema wangoje maji yalale.

Walingoja. Viwimbi vya mtumbwi vilikwenda, vikapungua, vikafa.

"Sasa muangalie," alisema.

Kwanza Joyeuse aliona uso wake tu, na nyuma yake mbingu. Kisha ikawa kama macho yamevuka mlango. Aliona chini. Aliona njia, njia ya watu, nyeupe kidogo, ikishuka mteremko kati ya safu mbili za mawe, na mwanga wa jua ukitetemeka juu yake kama nyavu za dhahabu. Njia ilielekea kwenye ukuta mrefu wa matofali wenye madirisha yaliyochongoka juu. Lilikuwa kanisa. Nusu yake ilionekana, nusu ilizama katika bluu, na bluu ikawa nyeusi. Kutoka dirisha moja walitoka samaki, kundi zima, wadogo, wakaenda pamoja, wakageuka pamoja wakawa fedha, wakaingia dirisha la pili.

Mama Agar alikuwa ameinama hadi kidevu chake karibu kiguse maji. Mikono yake miwili ilishika ukingo wa mtumbwi. Alianza kutaja majina, kwa sauti ndogo, kwa Kinande, nyumba ya fulani, nyumba ya fulani, na Malachie akaufuatisha mtumbwi na majina yake, akigusa maji kwa ncha tu ya kasia. Walielea juu ya nyumba za watu jinsi tai anavyoelea. Waliona mti wa avoka uliosimama bado na matawi yake yote, umevaa majani ya majini badala ya majani yake. Waliona kinu kimelala ubavu. Upande wa juu wa kijiji maji yalikuwa mafupi zaidi, na hapo mama akainua kiganja.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, imekaa wazi kama sanduku lisilo na kifuniko. Sakafu ya sebule ilionekana, na juu ya sakafu mchanga mwembamba uliochorwa mistari.

"Mabati iko wapi?" aliuliza Mama Agar. Kwa mara ya mwisho sauti yake ilikuwa na ule ukali wa zamani.

Malachie alijibu bila kujua uzito wa anachosema. Alieleza kwamba yule Muyisa alirudi, baada ya kumpeleka mama mjini. Maji yalikuwa yamefika mlangoni. Alipanda juu akang'oa bati moja moja, yeye na marehemu baba yake Malachie wakiyabeba kichwani mpaka mlimani, wakirudi tena, na kila waliporudi maji yalikuwa yamepanda. Bati za mwisho aliziokota akiwa majini mpaka kifuani. Muyisa alisema mama yake hawezi kulala chini ya paa asilolijua.

Joyeuse aliyaona mabati ya chumba cha mama kule Bulengera, jinsi yalivyojaa matundu ya misumari ya zamani, na lami aliyozibia yeye mwenyewe kila yalipovuja, akinung'unika juu ya mume asiyeweza kununua bati mpya. Aliweka mkono mdomoni.

Nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa mawe, lilikuwa kaburi. Saruji yake ilikuwa safi, haina tope wala jani. Msalaba ulisimama sawasawa. Mwanga ulishuka mpaka pale ukaufunika wote, ukacheza juu yake, ukaacha, ukarudi. Samaki mmoja mkubwa alikuwa amesimama kando ya msalaba, akipeperusha mapezi bila kwenda popote, kama mlinzi.

Mama Agar hakulia. Joyeuse alingoja alie, akawa tayari kumshika ili mtumbwi usipinduke, lakini hakulia. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtoto. Alitia mkono majini hadi kiwiko, polepole, asiyavuruge, akauacha humo akinyosha vidole kuelekea chini.

"Kataliko," alisema. "Uko mu mwanga."

Hata Malachie, ambaye huvua juu ya kijiji hicho kila siku, aligeuza uso. Na ilipofika wakati wake, upepo ukaamka ng'ambo. Waliuona ukija, mstari mweusi unaokwangua maji, ukapita chini yao, na mara kaburi, nyumba na njia vikavunjikavunjika kuwa vipande vya kung'aa, vikapotea. Yakabaki maji tu, na mawimbi madogo yakipiga ubavu wa mtumbwi.

Ukingoni mke wa Malachie alikuwa amechoma samaki juu ya makaa, akawapa na viazi. Joyeuse aliogopa kwamba mama atakataa kula kitu kilichotoka mle. Mama Agar alimchukua samaki mkubwa kuliko wote, akamgeuza akamkagua macho, mapezi na mkia, akasema huyu amenona kwa maharagwe yake, na akala mpaka kichwa. Miiba aliitoa mwenyewe.

Mtandao ulipatikana tu kule juu kwenye mgongo wa mlima. Walipofika, Mama Agar aliomba simu. Joyeuse akampigia Muyisa, akampa, akataka kusogea mbali kwa heshima, lakini mama alimshika kikwembe asiondoke.

Alipoitikiwa, alisema moja kwa moja, kama mtu anayetua mzigo.

"Muyisa. Niliwazaka juu yako mambo mubaya. Niliwaza uliuzisha baba yako. Leo nimeona. Unisamehe."

Upande wa pili kulikuwa na sauti za misumeno, kisha mlango ukafungwa, kisha kimya. Joyeuse aliujua ule ukimya. Ulikuwa ule ule wa juzi, na sasa aliusikia vizuri. Muyisa alipozungumza, hakugusa habari ya msamaha kabisa.

"Mama, kanisa iko ingali inasimama?"

Akaeleza, maneno yakimtoka kwa shida, kwamba tangu siku ile aliyotoka majini na bati za mwisho hakuwahi kurudi. Alijaribu mara mbili, akafika kwenye kile kilima cha mwisho, akageuza moto. Kila alipofunga macho aliona maji machafu ya matope yakiingia mlangoni, mbuzi aliyefungwa aliyesahauliwa, kaburi la baba likizungukwa. Kwake Vukuhi ilibaki hivyo, inazama, kila siku inazama. Hakujua inafanana na nini sasa. Hakuweza kumwomba mtu amweleze.

Mama Agar alisikiliza. Kisha akatafuta jiwe zuri la kukalia, akageukia ziwa, akavuta kikwembe magotini.

"Kwanza," alisema, "ile maji haiko muchafu. Iko safi, Muyisa, iko safi kabisa. Unaona mpaka chini. Sasa ngoja nikuambie."

Akaanza kwenye njia, ile yenye safu mbili za mawe. Akampeleka polepole, bila kuruka kitu, akieleza rangi ya maji hapa na rangi yake pale, madirisha ya kanisa, samaki wanaogeuka kuwa fedha, avoka na mavazi yake mapya. Akimaliza nyumba moja, anangoja mwanawe aseme ameiona, ndipo anaendelea na ya pili. Timothée alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki, maana jua lilikuwa linashuka na njia ni mbaya. Mama Agar aliinua mkono bila kugeuka, akamwashiria azime. Akazima. Akaja akaketi kwenye majani karibu na Joyeuse, na wote wawili wakasikiliza, wakiyatazama maji, mpaka mama alipofika kwenye kaburi.